Maswali ya wasomaji: Sungura wangu anapiga chafya, nimpe nini?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza dawa. Tutazijibu, lakini tunaomba msomaji aanze na jambo moja: sungura hupumua kwa pua. Hajui kuhema kwa mdomo kama mbwa, na akifika hapo yuko taabani. Kwa hiyo pua yake ikiziba si jambo la "mafua yatapita." Na dawa nyingi zilizo kwenye kabati la nyumbani humuua sungura upesi kuliko hayo mafua yenyewe.

Daktari, shikamoo. Nina sungura jike wa miaka 2, tunaishi naye ndani. Hii ni wiki ya tatu anapiga chafya na pua inatoa ute mweupe. Anakula kidogo kidogo. Nina amoksilini ya maji iliyobaki ya mtoto. Nimpe kiasi gani? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Usimpe hata tone moja.

Sungura anaishi kwa kutegemea bakteria walio kwenye mfuko mkubwa wa utumbo wake, ambamo nyasi huchachuka kabla ya kumpa chakula. Amoksilini ikipita mdomoni huwafagia hao bakteria wema, na nafasi yao huchukuliwa na wale wa jamii ya Clostridium, ambao hutoa sumu. Utaona anaacha kula, tumbo linajaa, anahara maji, mwili unapoa. Wengi hawaponi. Ampisilini, sefaleksini, klindamaisini, linkomaisini, erithromaisini na penisilini ya kumeza ni mkondo huohuo. Penisilini ya sindano chini ya ngozi ni habari nyingine, na daktari anayejua sungura anaweza kuitumia. Hatari iko kwenye kumeza. Kama ulikwisha kumpa kabla ya kutuandikia, acha leo, mwekee nyasi kavu tele na umpeleke kwa daktari. Usingoje ahare kwanza.

Sasa tuje kwenye huo ute. Ute mweupe na mzito wa wiki 3, pua zote mbili, mara nyingi ni maambukizi ya bakteria. Anayetajwa sana ni Pasteurella multocida, ila Bordetella bronchiseptica na Staphylococcus aureus nao humo wamo. Sungura wengi hukaa na Pasteurella puani bila kuonyesha lolote, mpaka siku wanapopata joto kali, safari, msongamano au banda lenye harufu ya mkojo. Hapo ndipo bakteria huyo anaamka.

Kabla hujaenda kwa daktari, mkague hivi. Mshike miguu ya mbele, uigeuze uangalie upande wa ndani, karibu na vidole. Sungura hujifuta pua kwa miguu hiyo, basi manyoya ya hapo yakiwa yameshikana, magumu au ya manjano, ujue makamasi yanatoka hata kama pua umeikuta safi. Wengi huangalia pua, wakaiona kavu, wakaridhika. Kumbe ametoka kujifuta dakika tano zilizopita. Kisha hesabu pumzi akiwa ametulia: tazama ubavu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Pumzi 30 hadi 60 kwa dakika ni kawaida. Joto la mwili likipimwa nyuma ni kati ya 38.5 na 40. Likishuka chini ya 38 ni dharura, kubwa hata kuliko homa. Mpime uzito kwa mzani wa jikoni, uandike.

Pua mfute kwa pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi, mara 2 au 3 kwa siku. Maji yale ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ndiyo bora. Ukitengeneza mwenyewe, ni gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemka yakapoa, na siku moja ikiisha mwaga, tengeneza mengine. Usimiminie maji puani. Futa tu, kwa sababu kinachoingia kwa nguvu kinaweza kushuka kwenye mapafu. Ukipata mashine ya nebulaiza, hata ile ya mtoto mwenye pumu, maji hayohayo ya chumvi kwa dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, hulainisha ute ukatoka. Mashine yenyewe, mrija na kikombe chake, ioshwe na kukaushwa kabla mtoto hajaitumia tena. Kumfunika sungura na bakuli la maji ya moto, hapana: ataungua, na joto hilo haliwezi. Dawa za mafua za kupaka zenye mentholi nazo zimkae mbali.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni hilo la kula kidogo kidogo. Sungura asiyenusa hapendi chakula, na utumbo wake ukikaa bila nyasi husimama. Mpe vyenye harufu: giligilani, mnanaa, rehani. Akipitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni safari ya kwa daktari usiku huohuo, chafya au bila chafya.

Matibabu jiandae yatakuwa marefu. Siku 14 ndizo chache, na wengi huhitaji wiki 4 au zaidi. Akionekana mzima siku ya tano ukaacha, ugonjwa unarudi na dawa ile inaweza isifanye kazi tena. Na tukwambie ukweli: kwa baadhi ya sungura ugonjwa huu hauishi kabisa, unadhibitiwa tu, na wanaishi vizuri miaka mingi.

Mimi ni mfugaji mdogo, Nakuru. Dukani nilipewa enrofloksasini ya maji ya asilimia 10, ile ya kuku, nikaambiwa kijiko kimoja kwenye maji ya kunywa. Sungura hanywi. Shida ni nini?

Dawa yenyewe si mbaya. Enrofloksasini ni mojawapo ya zile sungura mkubwa anazivumilia. Ubaya uko kwenye kijiko.

Asilimia 10 maana yake kila mililita 1 ina miligramu 100. Kiwango wanachotumia madaktari wengi ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara 2 kwa siku. Sungura wa kilo 2 basi anahitaji miligramu 10 hadi 20, yaani mililita 0.1 hadi 0.2. Kijiko cha chai ni mililita 5, na ndani yake mna miligramu 500. Angekinywa chote kwa mkupuo, angemeza mara 25 ya kiwango cha juu. Kwa bahati dawa ni chungu na ameikataa, lakini sasa hanywi maji, na sungura asiyekunywa haichukui muda ataacha kula. Mwaga hayo maji, osha chombo, mpe maji safi kwenye bakuli zito.

Kuweka dawa kwenye maji kunafaa kuku mia. Kwa sungura mmoja huwezi kujua amekunywa kiasi gani. Dawa yake ipimwe kwa bomba la sindano la mililita 1, lisilo na sindano, lile lenye mistari ya 0.01. Dawa hii kali ichanganywe na maji kidogo ili isimchome mdomo. Mwombe daktari akupimie mara ya kwanza ukiona kwa macho. Mviringishie taulo, kichwa kibaki nje. Nyuma ya meno ya mbele kuna nafasi isiyo na jino: ingiza ncha ya bomba hapo, kwa upande, sukuma kidogo, mwache ameze, sukuma tena. Kichwa kikae kawaida kama anavyokula. Ukimlaza chali au kumwinua pua juu, dawa inaingia kwenye njia ya hewa, na huyu hewa anaipata kwa tabu tayari.

Sindano ya enrofloksasini nayo tuitaje kwa sababu hutolewa sana: isipozimuliwa kwa maji ya dripu, ngozi ya sungura hufanya kidonda na nyama ya hapo hufa. Akipigwa, uliza kama imezimuliwa. Na kama sungura wako bado anakua, mwambie daktari umri wake, maana dawa za kundi hili zinaweza kudhuru viungo vya mifupa michanga.

Wangu anapiga chafya kuanzia magharibi mpaka usiku, asubuhi hana kitu. Pua inatoa maji meupe mepesi kidogo tu. Anakula, anacheza. (Msomaji, Mombasa)

Magharibi ndiyo saa ya udi, ubani na dawa ya mbu ya kuwasha. Hamisha kizimba kwenye chumba kisichofukizwa kwa siku 7 uone. Tunadhani utapata jibu lako hapo.

Kama halipo hapo, piga magoti mpaka pua yako ifike usawa wa sakafu ya kizimba, uvute hewa. Ukisikia mkojo unakuwasha macho, yeye analala humo. Amonia huunguza ngozi laini ya ndani ya pua, na hapo ndipo bakteria hupata mlango. Kona anayokojolea isafishwe kila siku, kizimba chote angalau mara moja kwa wiki. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala liondoe kabisa. Hata maranda makubwa yana vumbi chini ya gunia. Tandika karatasi zilizochanwa au nyasi kavu. Nyasi zenyewe zikung'ute nje kabla ya kumpa, na zikinuka ukungu zitupe hata kama umezilipia. Moshi wa jiko la mkaa, sigara, manukato ya kupuliza, yote ni yaleyale.

Chafya mbili tatu anapojisafisha uso au anapochimba kwenye nyasi si ugonjwa.

Daktari wa mtaani amemtibu sungura wangu mara tatu. Akipewa antibaiotiki anapata nafuu, ikiisha anaanza tena. Chafya, ute upande wa kushoto peke yake, na jicho la kushoto linalia. (Msomaji, Arusha)

Upande mmoja! Hilo neno lingekuwa la kwanza kwenye barua yako. Makamasi ya tundu moja na jicho la upande huohuo hutufanya tufikirie meno kabla ya mafua.

Meno ya sungura hayakomi kuota. Yale ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na magego nayo huota. Kinachopaswa kuyasaga ni nyasi, kwa kutafuna kwa muda mrefu, taya likienda upande na upande. Sungura anayelishwa pumba, mahindi, mkate na chakula cha vidonge hatafuni vya kutosha. Gego lake likikosa nafasi ya kwenda juu, mzizi husukuma kwenda ndani ya mfupa, na hapo jirani hupita mfereji mwembamba unaoshusha machozi kutoka jichoni mpaka puani. Mfereji ukibanwa, machozi hufurika usoni. Ukipata usaha, unatokea jichoni na puani. Antibaiotiki hupunguza usaha, jino linabaki palepale, ugonjwa unarudi. Ndiyo sababu ya hizo mara tatu.

Pitisha kidole taratibu chini ya taya, ukingoni mwa mfupa, kulia na kushoto. Vinundu vigumu vya upande mmoja vina maana. Angalia kama anachagua vyakula laini na kuacha nyasi, kama kidevu kimelowa mate. Kisha mtafute daktari atakayechungulia magego kwa kifaa chenye taa kama kile cha masikio, na akitilia shaka apige eksirei ya kichwa. Meno ya mbele kuwa mazuri hakuonyeshi kitu kuhusu magego. Mfereji wa machozi huweza kusukumwa maji ya chumvi kwa mrija mwembamba, jicho likiwa limetiwa dawa ya ganzi. Yakitokea puani, njia imefunguka. Uvimbe wa usaha kwenye taya ni kazi nyingine ngumu: usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, hautiririki ukitumbuliwa, hivyo hukatwa na kutolewa pamoja na ganda lake.

Chakula chake kibadilishwe taratibu kwa wiki 2 mpaka nyasi ziwe zaidi ya robo tatu ya anachokula. Nyasi ya Boma Rhodes iliyokaushwa vizuri inafaa sana. Lusani ibaki kwa wadogo na wenye mimba.

Kitu kingine cha upande mmoja ni ncha ya nyasi iliyoingia puani. Hiyo huanza ghafla: alikuwa mzima saa nne, saa tano anapiga chafya mfululizo na kujikuna pua. Usichokoe kwa kibano.

Nimpate wapi daktari anayejua sungura? Kila ninayempigia anajua ng'ombe na mbwa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali hili ulitafutie jibu sungura akiwa mzima.

Kwanza awe daktari kweli. Tanzania madaktari wa wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kenya ni Kenya Veterinary Board, chini ya sheria ya mwaka 2011. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Bwana mifugo wa kata yenu anaweza kuwa mtu hodari na msaada mkubwa, ila kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi na kusaga gego si kazi yake. Palipo na chuo cha udaktari wa wanyama pana hospitali ya kufundishia na walimu wa kuulizwa: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, Makerere kule Kampala. Hata kama hutafika, daktari wako anaweza kuwapigia.

Kisha mpigie simu umwulize kwa heshima, "Daktari, sungura akija kufanyiwa upasuaji, nimnyime chakula usiku?" Anayewajua atakwambia usimnyime. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo sababu tunayowafungishia mbwa na paka kwake haipo, na utumbo wake hautaki kukaa mtupu. Akikwambia afunge kwa muda wa saa 12, shukuru, tafuta mwingine. Swali la pili: antibaiotiki gani hampi sungura kwa mdomo? Ataje amoksilini na ndugu zake bila kufikiri sana. La tatu, anatumia nini kutuliza maumivu? Wengi hutumia meloksikamu. Daktari anayesema sungura hahitaji dawa ya maumivu hajawahi kumtazama akiwa na maumivu, maana hukaa kimya kwenye kona, macho nusu, akisaga meno.

Uwe macho na sindano ya deksamethasoni inayochomwa pamoja na antibaiotiki "ili apate nguvu." Kwa muda ataonekana amechangamka. Lakini dawa hiyo hushusha kinga ya mwili, na sungura huathirika nayo kuliko mbwa. Pasteurella aliyekuwa puani anapata njia ya kwenda kwenye mapafu au sikio la ndani. Sungura anayeinamisha kichwa upande mmoja baada ya mafua ya muda mrefu arudishwe haraka. Uliza jina la kila kinachoingia kwenye bomba.

Mkikubaliana kuwa tiba ya kwanza haikufaa, omba kipimo cha ute cha kuotesha bakteria na kujua dawa ipi inawaua. Usufi hupitishwa ndani kabisa ya pua, sungura akiwa amelewa dawa ya usingizi, kwa sababu ute wa mdomoni mwa pua hutoa bakteria wa kila aina. Daktari anaweza kuutuma kwenye maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) iliyoko Temeke, au kwa Kenya maabara kuu ya veterinari Kabete. Sampuli ichukuliwe kabla ya kuanza antibaiotiki mpya. Majibu huchukua siku kadhaa.

Siku ya kwenda, mrekodi kwa simu akipiga chafya, kwa sababu kwenye meza ya daktari atanyamaza. Beba chupa zote alizopewa, kinyesi cha siku hiyo na uzito ulioandika. Daktari akimwinua, tazama mikono: mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Akimshika masikio, au akamwacha miguu ya nyuma ining'inie, mchukue mwenyewe. Mifupa ya sungura ni mepesi na misuli ya miguu ina nguvu. Teke moja la hewani linatosha kuvunja mgongo wake.

Je, yanaambukiza watoto? Na vitunguu saumu vinasaidia? (Msomaji, Kampala)

Watoto hawapati mafua haya kwa kucheza naye. Wanawe mikono, na jeraha la kung'atwa lioshwe kwa sabuni na maji mengi kisha lionwe hospitalini, kwa kuwa Pasteurella hupenya jeraha. Wa kuwaogopea ni wanyama wenzake. Sungura mgeni akae chumba kingine, vyombo vyake, kwa siku 14 zisizopungua, tukipendelea 30, na mhudumie yeye mwisho. Usimchanganye na simbilisi, wale wa Guinea: Bordetella anayeweza kukaa kwa sungura bila kumsumbua huweza kuwaua hao.

Vitunguu saumu, vitunguu maji na majani yake, hapana. Huharibu chembe nyekundu za damu ya sungura.

Usiku wa jana amenyoosha shingo, mdomo wazi, anahema kwa nguvu. Nilimpulizia feni akatulia. Nisubiri miadi ya wiki ijayo? (Msomaji, Bagamoyo)

Usisubiri. Nenda sasa, kisha soma hii ukiwa njiani. Mweke kwenye boksi gumu lenye matundu, chini taulo asiteleze, na usilifunike. Usimbebe mapajani na usimgeuze chali hata kumkagua. Usimpe dawa wala maji kwa bomba, atayavuta mapafuni. Kama kuna joto, funga chupa ya maji ya barafu kwenye kitambaa uiweke pembeni, aisogelee mwenyewe akitaka. Mpigie daktari kabla hujafika, umwambie "sungura anahema kwa mdomo" na umwombe aandae oksijeni, na mkifika apewe hiyo kwanza ndani ya boksi lake kabla mtu yeyote hajamshika.